Asilimia ya Nini? Namna ya Kupanga Bei ya Kuuzia

Muulize muuza sandali anapata faida gani kwa jozi moja, atakujibu papo hapo: "Nanunua elfu nane, nauza elfu kumi. Elfu mbili yangu, asilimia ishirini na tano hiyo." Jibu hilo lina kasoro mbili, na zote hazionekani siku ya mauzo. Zinaonekana siku ya kurudi Kariakoo kujaza mzigo, pale pesa iliyomo mkobani inapogoma kununua dazani zile zile za mara iliyopita.

Kasoro ya kwanza ni kwamba sandali ile haikumgharimu elfu nane. Ya pili ni kwamba ametaja asilimia bila kujua ni asilimia ya nini. Mwongozo huu unashughulikia hayo mawili, kisha unaingia kwenye mambo yanayovuruga hesabu nzuri: bei ya soko, bidhaa zinazooza, wateja wa "punguza kidogo", na kodi.

Uwe na daftari, kalamu na kikokotoo cha simu. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu. Weka za kwako.

HATUA YA KWANZA: Gharama ya kitu kikiwa mkononi mwako

Bei aliyokutajia muuzaji wa jumla si gharama yako. Gharama ni kila shilingi iliyokutoka mpaka bidhaa ikafika mahali mteja anapoweza kuishika na kuondoka nayo. Usipoihesabu mwanzoni, utailipa kutoka kwenye kile unachokiita faida, na hutajua imelipwa lini.

Tuchukue mama mwenye duka dogo Morogoro anayefuata mzigo Dar es Salaam. Safari hii amechukua dazani tano za sandali za kike, yaani jozi 60.

1. Andika bei ya mzigo: jozi 60 kwa 8,000 ni 480,000.
2. Andika kila kilichotumika njiani: nauli kwenda na kurudi 20,000, chakula 6,000, bajaji 2,000, mzigo kwenye buti la basi 10,000, kuli 4,000.
3. Andika kinachoondoka pamoja na bidhaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Juni 2019, mfuko wa kumfungia mteja unanunuliwa kwa hela inayoonekana. Mifuko 60 kwa 100 ni 6,000.
4. Jumlisha: 528,000.
5. Gawanya kwa idadi ya vitu *vinavyouzika*: 528,000 ÷ 60 = 8,800.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa sana. Ukifungua mzigo ukakuta jozi mbili gundi imeachia, au miguu yote miwili ni ya kushoto (hutokea, na muuzaji wa jumla harudishi), gawanya kwa 58. Gharama inakuwa 9,103 kwa jozi, kwa sababu jozi nzima lazima zibebe gharama ya zile mbovu. Hapa tuendelee na mzigo uliofika salama: 8,800.

> Vinavyosahauliwa mara kwa mara
> – Makato ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu
> – Ushuru wa soko
> – Riba, kama mtaji ni wa mkopo
> – Mkaa au gesi, kwa wanaopika
> – Vifungashio, lebo na gundi
> – Kile ambacho watoto wa nyumbani wamekula

HATUA YA PILI: Gharama za kukaa dukani

Kodi ya pango haiulizi umeuza jozi ngapi. Gharama za namna hii zinakuja kila mwezi, duka liwe limejaa wateja au limejaa nzi. Nazo lazima ziingie kwenye bei, la sivyo hazina mahali pengine pa kutokea isipokuwa kwenye mtaji.

Kwa duka letu la Morogoro, tuseme pango ni 80,000, umeme wa LUKU 15,000, ulinzi na taka 15,000, vocha na bando 10,000, na fungu la kila mwezi la leseni na kodi ya makadirio ya TRA 20,000. Jumla 140,000.

Bado mtu mmoja hajalipwa: mwenye duka. Anaamka alfajiri, anashinda amesimama, na jioni anachukua elfu mbili ya mboga na elfu tano ya daladala na daftari la mtoto. Hayo anayochukua ni mshahara, ila haujaandikwa popote. Tumwandikie 200,000 kwa mwezi. Sasa gharama za kukaa dukani ni 340,000.

Duka hili linauza wastani wa jozi 200 kwa mwezi. Chukua wastani wa miezi kadhaa, usichukue mwezi wa Idi au Desemba ukaufanya ndiyo kipimo. Januari ya ada za shule itakuumbua. 340,000 ÷ 200 = 1,700 kwa jozi.

Gharama kamili ya jozi moja ni 8,800 + 1,700 = 10,500.

Rudi sasa kwa yule aliyetuambia anauza elfu kumi na kupata elfu mbili. Akilini mwake, jozi 200 zinampa 400,000 kwa mwezi. Kwa kweli, akilipa safari, pango na mengineyo, jozi moja imemgharimu 9,500 kabla hajajilipa yeye. Anabaki na 500, yaani 100,000 kwa mwezi. Ikiwa kila mwezi anatoa 200,000 za matumizi ya nyumbani, nusu yake anaitoa kwenye mtaji. Watu watasema amerogwa, au jirani ana mkono wake. Mchawi ni 800 za safari na mfuko, na 700 za pango na mengineyo.

Kama duka lako lina bidhaa za kila aina, kuanzia sukari hadi vitenge, huwezi kugawa 340,000 kwa idadi ya vitu. Kiberiti hakiwezi kubeba mzigo sawa na doti ya kitenge. Hapo gawanya kwa mauzo. Mauzo ya mwezi yakiwa 3,000,000, gharama za kukaa dukani ni 340,000 ÷ 3,000,000, karibu asilimia 11.3 ya mauzo. Maana yake, kwa wastani, katika kila shilingi 100 inayoingia, zaidi ya 11 tayari zina mwenyewe.

HATUA YA TATU: Asilimia ya gharama au asilimia ya bei?

Hapa ndipo wasomi na wasiosoma hukwama pamoja. Mtu akisema "nataka faida ya asilimia 20", kuna maana mbili zinazoleta bei mbili tofauti.

*Faida juu ya gharama.* Unachukua gharama, unaiongezea asilimia 20 yake.

Bei = gharama × (1 + asilimia ÷ 100)
10,500 × 1.20 = 12,600

*Faida ndani ya bei.* Unataka katika kila shilingi 100 anayolipa mteja, 20 ziwe faida. Basi gharama ndiyo zile 80 zilizobaki.

Bei = gharama ÷ (1 − asilimia ÷ 100)
10,500 ÷ 0.80 = 13,125

Tofauti ni shilingi 525 kwa jozi. Kwa jozi 200 ni 105,000, zaidi ya pango. Anayetaka 20 ndani ya bei lakini akazidisha kwa 1.20 atapata 2,100 kati ya 12,600, ambayo ni asilimia 16.7 tu ya bei.

> Jedwali la kubandika ukutani
>
> | Ukiongeza juu ya gharama | Unapata ndani ya bei |
> |---|---|
> | 10% | 9.1% |
> | 20% | 16.7% |
> | 25% | 20% |
> | 30% | 23.1% |
> | 50% | 33.3% |
> | 100% | 50% |

Ipi utumie? Kwa mwenye bidhaa chache, faida juu ya gharama ni rahisi na inatosha. Kwa mwenye bidhaa nyingi anayefunga hesabu kwa mauzo ya siku, faida ndani ya bei ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kuangalia mauzo ya leo na kujua papo hapo fungu lako ni lipi. Vyovyote utakavyochagua, tumia moja daima, na mkiwa wawili dukani hakikisheni mnasema lugha moja. Ndugu wawili wakiendesha duka moja kwa asilimia mbili tofauti, ugomvi hauko mbali.

Kuhusu kitufe cha % kwenye kikokotoo: vikokotoo havifanani, na baadhi hutoa jibu usilolitarajia. Zidisha kwa 1.20 au gawanya kwa 0.80, hutadanganywa.

Kuhusu kulainisha bei: hakuna anayekuja na 12,600 kamili, wala 13,125. Sarafu ndogo kabisa unayoiona sokoni ni ya 50, na chenji ni shida ya kila siku. Lainisha, kisha *hesabu upya*. Ukiweka 12,500, faida ni 2,000, asilimia 19 ya gharama. Ukiweka 13,000, ni 2,500, karibu asilimia 24. Chagua ukijua, usilainishe kwa mazoea ya kushuka chini.

Asilimia ngapi inafaa?

Hakuna namba moja ya halali. Angalia bidhaa inazunguka mara ngapi. Mtaji wa 100,000 ukiwekwa kwenye sukari kwa faida ya asilimia 5, ukauzwa na kununuliwa tena mara nne kwa mwezi, unaleta 20,000. Mtaji huo huo kwenye sandali kwa asilimia 20, ukizunguka mara moja, unaleta 20,000. Ndiyo maana wenye maduka ya vyakula hawahangaiki kuongeza sana kwenye unga na sukari. Wanajua aliyefuata sukari ataondoka na majani ya chai, sabuni na biskuti za mtoto, na huko ndiko wanakofidia. Bidhaa inayokaa rafuni, inayopitwa na mtindo au inayovunjika inahitaji asilimia kubwa zaidi.

Soko likiikataa bei yako

Umehesabu vizuri, ukapata 12,600. Barabara nzima inauza 12,000. Kuna wanaosema hesabu haina faida basi. Inayo, ila sasa unaigeuza ianzie mwisho.

1. Anza na bei ya soko: 12,000.
2. Toa faida ya chini unayoweza kukubali. Tuseme asilimia 15 ndani ya bei: 1,800.
3. Kilichobaki, 10,200, ndiyo gharama ya juu unayoruhusiwa kuwa nayo.
4. Linganisha na gharama yako kamili: 10,500. Umezidi kwa 300.

Swali limeacha kuwa "niuze bei gani" na kuwa "300 nizipunguze wapi". Pekua orodha yako. Nauli, chakula na bajaji, jumla 28,000, ni zile zile ukienda na jozi 60 au 120. Kwa jozi 60 kila moja inabeba 467. Kwa 120, inabeba 233. Umeokoa 234 kwa kuunganisha safari mbili kuwa moja, au kwa kuchangia safari na mwenzako wa duka la pili. Zimebaki 66. Mwombe muuzaji wa jumla akupunguzie 1,000 kwa dazani, hapo umeokoa 83 kwa jozi na umevuka. Mteja wa dazani kumi ana sauti kuliko wa dazani tano.

Tahadhari: jozi 120 ni 960,000 iliyolala dukani. Kama mtindo unapita haraka, nafuu ya 234 inaweza kumezwa na jozi 20 zisizotakiwa na mtu. Fanya hivyo kwa rangi na saizi unazojua zinatoka.

Na kama hata baada ya kubana bado gharama inazidi bei ya soko? Usiuze bidhaa hiyo. Kuwa nayo rafuni kwa sababu jirani anayo si sababu.

Kwa wauza nyanya: bei haibadiliki, fungu ndilo linalobadilika

Bidhaa za mafungu zina kanuni yake. Mteja anajua fungu ni 500. Huwezi kumwambia 650, atakushangaa. Kwa hiyo faida haipangwi kwenye bei, inapangwa kwenye idadi.

Tenga la nyanya limenunuliwa sokoni Ilala kwa 40,000. Mkokoteni na kuli 4,000. Gharama 44,000. Ndani kuna nyanya kama 500. Ukipanga tano tano, unaona mafungu 100, yaani 50,000, na moyo unatulia: faida 6,000.

Subiri zimwagwe mezani. Za chini zimepondeka, nyingine zitalegea kesho mchana. Tuseme 60 hazitauzika. Zimebaki 440, mafungu 88 ya tano tano, mauzo 44,000. Umefanya kazi siku mbili juani bila senti.

Hesabu sahihi inakwenda hivi:

1. Tafuta mauzo unayoyahitaji. Kwa faida ya 30% juu ya gharama: 44,000 × 1.30 = 57,200.
2. Gawanya kwa bei ya fungu: 57,200 ÷ 500 = 114.4, yaani mafungu 115.
3. Gawanya nyanya *nzuri* kwa mafungu hayo: 440 ÷ 115 = 3.8.
4. Nyanya hazikatwi. Panga nne nne: mafungu 110, mauzo 55,000, faida 11,000, sawa na 25% ya gharama.

Panga kubwa tatu na ndogo moja, au kati nne. Jicho la mteja linasoma rundo, halihesabu. Na nyongeza? Kila nyanya unayomtupia mteja juu ya fungu ni 125 ya mauzo. Nyongeza inaleta wateja, sikatai, ila itengee idadi. Ukiamua nyanya 20 kwa siku ni za nyongeza, zitoe kwenye zile 440 kabla ya kugawanya. Hesabu ni ile ile kwa vitunguu, maembe, dagaa na hata maandazi yaliyoungua upande mmoja.

"Punguza kidogo, mteja wa kwanza mimi"

Wengi hupunguza bei kwa kuangalia bei. Angalia faida. Sandali imekugharimu 10,500, unauza 12,000, faida 1,500. Mteja anaomba kupunguziwa asilimia 10 tu. Asilimia 10 ya bei ni 1,200. Umebaki na 300. Umetoa asilimia 80 ya faida yako, na itabidi uuze jozi tano kwa bei hiyo ili upate ulichokuwa unapata kwenye moja.

Dawa yake ni kuwa na bei mbili kichwani kabla mteja hajafika: bei ya kutaja na bei ya mwisho. Kama unataka 12,000 mkononi, na mazoea ya mtaa wako ni kupunguza 1,000, taja 13,000. Anayekusaidia dukani mwandikie bei ya mwisho kwa kila bidhaa, kwa alama mnayoielewa wenyewe. Usimwache akisie huku mteja anamwita "shemeji".

Mtego mwingine unahusu punguzo la kumaliza mzigo. Uliongeza 25% juu ya 8,800 ukapata 11,000. Ukitangaza punguzo la 25% ukidhani unarudi ulipoanza, utauza 8,250 na kupoteza 550 kwa kila jozi. Unapopanda unahesabu asilimia ya gharama. Unaposhuka, ya bei, nayo ni kubwa zaidi. Kurudi kutoka 11,000 hadi 8,800 ni punguzo la 20%.

> VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa waliosajiliwa
> Kiwango cha kawaida Tanzania Bara, Uganda na Rwanda ni 18%. Kenya ni 16%.
> – VAT huongezwa *baada* ya faida: 12,000 × 1.18 = 14,160. Zile 2,160 si zako, unazishika kwa niaba ya serikali.
> – Kuitoa kwenye bei iliyokwisha jumuishwa: 14,160 × 18 ÷ 118 = 2,160. Usichukue 18% ya 14,160. Utapata 2,549 na kujikata mwenyewe.
> – Aliyesajiliwa huweza kudai VAT aliyolipa wakati wa kununua kwa risiti halali, hivyo gharama yake huhesabiwa bila VAT. Asiyesajiliwa haidai, kwake ni sehemu ya gharama. Maduka mawili yanaweza kununua kwa mtu mmoja, bei moja, na gharama zikatofautiana.

Kabla hujabandika bei

☐ Gharama za safari zimegawanywa kwa vitu vinavyouzika, si vilivyonunuliwa
☐ Pango, umeme na kodi vimo
☐ Mshahara wako umo
☐ Unajua asilimia yako ni ya gharama au ya bei
☐ Umehesabu upya baada ya kulainisha
☐ Bei ya mwisho imeandikwa
☐ Umelinganisha na maduka matatu ya jirani

Mzigo ukipanda bei nawe una wa zamani

Ulinunua sukari kwa 2,600 kilo, umebakiza nusu gunia. Asubuhi unasikia jumla imefika 2,900. Wengi huendelea kuuza 2,800 mpaka ya zamani iishe, kwa hoja kwamba bado wana faida ya 200. Ila kila kilo wanayouza kwa 2,800 haiwezi kununua kilo nyingine. Wakimaliza nusu gunia hilo, kilo 25, wana 70,000, na kilo 25 mpya ni 72,500 kabla ya usafiri. Duka limepungua ingawa daftari linasema faida.

Panga bei kwa gharama ya kujaza upya, tangu siku unayopata habari za uhakika. Na bei ya jumla ikishuka? Hapo hutakuwa na uchaguzi: jirani aliyenunua juzi atashusha, nawe utamfuata ukiwa na mzigo wa bei ya juu. Kwa bidhaa zinazopanda na kushuka, kama sukari, mafuta ya kupikia na vitunguu, nunua kiasi unachoweza kumaliza ndani ya siku chache, na piga simu kwa muuzaji wa jumla kabla ya kufungua duka, si baada ya kufunga.